Moyo, maini na ubongo: hasira na huzuni hutoka wapi?

Mswahili akiudhika husema moyo wamuuma. Akitupiwa maneno makali husema amekatwa maini. Akiogopa, tumbo humchafuka. Akipata habari za msiba, miguu humwisha nguvu. Mwenye kijicho tunasema ana roho mbaya, na mwenye kuhifadhi siri tunasema ana kifua. Msomaji akiyakusanya maneno haya ataona ya kuwa wazee wetu walizigawanya hisia za binadamu katika mwili mzima, kuanzia kifuani hadi magotini, lakini ubongo hawakuupa fungu kubwa. Kichwa walikiachia akili na hesabu tu.

Kijana aliyesomea saikolojia, yaani elimu ya nafsi, akirudi kutoka chuo kikuu huja na maneno mengine. Hukaa barazani akawaambia wazee kwamba hasira, hofu, huzuni na mapenzi vyote vyatoka ubongoni, na kwamba moyo ni pampu ya kusukuma damu, basi. Wazee hucheka. Ikiwa moyo ni pampu tu, mbona habari mbaya ikifika ni moyo unaopiga mbio kwanza, wala si kichwa?

Swali hili si la kupitishia wakati kwenye kahawa. Katika kila mji wa pwani, tangu Lamu hadi Vanga, pana nyumba iliyo na mtu aliyebadilika. Kijana aliyekuwa mtulivu sasa ni mkorofi. Mama aliyekuwa mchangamfu sasa hacheki wala hasemi. Mtoto huanguka akatokwa na povu. Jinsi jamaa wanavyojibu swali la wapi hutoka tabia na hisia, ndivyo watakavyomtendea mtu huyo: watamtukana, watamficha chumba cha nyuma, watampunga pepo, au watampeleka kwa daktari. Kwa hiyo yafaa tulitazame kwa makini, kwa jicho la dini na jicho la elimu pamoja.

MATABIBU WA KIISLAMU

Wako wanaodhani kwamba habari za ubongo na hisia ni elimu ya Wazungu iliyoletwa juzi. Sivyo. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita matabibu wa Kiislamu waliliandika jambo hili katika vitabu vyao.

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, alifariki mwaka 934. Aliacha kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, na ndani yake aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulika na mwili peke yake na kuisahau nafsi. Alisema viwili hivi vimefungamana, kimoja kikiugua na mwenziwe huugua. Tena akazigawa huzuni sehemu mbili. Iko huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Na iko huzuni isiyo na sababu ya kuonekana, ambayo asili yake imo katika mwili na hali ya damu. Hiyo hutibiwa kwa dawa. Mgawanyo huu madaktari wa Ulaya walikuja kuujadili karne nyingi baadaye.

Naye Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara na kufariki mwaka 1037 mjini Hamadan, aliandika katika kitabu chake cha Qanun juu ya maradhi ya mahaba. Mtu anadhoofu kwa mapenzi ambayo hataki kuyataja. Tabibu, asema Ibn Sina, amshike mgonjwa mkono penye mshipa wa damu, kisha yatajwe majina mbalimbali mbele yake. Likitajwa jina la yule ampendaye, mshipa utageuka mwendo, na hapo siri itakuwa imefichuka. Hebu msomaji atazame ujuzi huu: jina limeingia sikioni, akili imelitambua, na mkono umeshuhudia. Na jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba maradhi hayo ya mahaba Ibn Sina aliyaweka katika mlango wa maradhi ya kichwa, wala si katika mlango wa maradhi ya moyo.

Elimu hiyo haikubaki vitabuni. Hospitali kubwa aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili, wakitunzwa kama wagonjwa wengine.

MTAIMBO WA PHINEAS GAGE

Tukiruka karne kadhaa tutakutana na kisa ambacho hakikosekani katika kitabu cha kwanza cha saikolojia popote duniani.

Tarehe 13 Septemba, 1848, karibu na mji mdogo wa Cavendish katika jimbo la Vermont huko Marekani, vibarua walikuwa wakipasua mwamba ili kupitisha reli. Nyapara wao alikuwa kijana wa miaka 25, jina lake Phineas Gage. Kazi yake ilikuwa kushindilia baruti ndani ya tundu la jiwe kwa mtaimbo wa chuma. Mtaimbo huo ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja, unene wa sentimita 3 na uzito wa kilo 6. Siku hiyo baruti ililipuka kabla ya wakati wake, na mtaimbo ukaruka. Ulimwingia chini ya shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho, ukatokea utosini na kwenda kuanguka mbali.

Gage hakufa. Baada ya dakika chache alikuwa akisema, akaketi katika gari la ng'ombe mpaka nyumba ya wageni alikokuwa akikaa. Daktari John Harlow alimwuguza, na baada ya miezi michache kijana alikuwa akitembea, akizungumza na kukumbuka kama kawaida. Hasara iliyoonekana kwa macho ilikuwa jicho lake la kushoto.

Lakini aliporudi kuomba kazi, waajiri wake walimkataa. Daktari Harlow alieleza mwaka 1868 kwamba kabla ya ajali Gage alikuwa mtu wa mipango na mwenye kuaminiwa kuliko wenziwe. Baada yake akawa hana subira, mwenye matusi, hamjali mwenziwe, leo apanga hili na kesho aliacha. Rafiki zake walisema huyu si Gage waliyemjua. Mtaimbo ulikuwa umeharibu sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso. Akili ya kuhesabu na kusema haikuondoka. Kilichojeruhiwa ni kile sisi tungekiita staha na subira.

Waandishi wengi hukiachia kisa hapo, na hilo ni kosa, kwa sababu kina nusu ya pili. Mwaka 1852 Gage alisafiri hadi Chile, na kwa muda wa kama miaka saba alifanya kazi ya kuendesha magari ya abiria yaliyovutwa na farasi. Hiyo si kazi ya mtu aliyepotea kabisa. Yataka kuamka mapema, kuwatunza farasi, kusema na abiria kwa adabu na kushika njia mbaya kwa uangalifu siku baada ya siku. Wanahistoria waliochunguza maisha yake wanaona kwamba kazi yenye utaratibu ilimsaidia kurudisha sehemu kubwa ya utu wake. Alifariki mwezi wa Mei 1860 huko California, baada ya kushikwa na kifafa mara kwa mara. Fuvu lake pamoja na ule mtaimbo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard.

Basi kisa cha Gage kina mafunzo mawili. La kwanza, tabia njema nayo ina makao yake mwilini, na makao hayo yaweza kuumizwa kama mguu unavyovunjika. La pili, aliyeumia asikatiwe tamaa.

LOZI KICHWANI

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, na ndani yake mna chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Ingawa ni sehemu ndogo ya mwili, hutumia kama moja kwa tano ya nguvu yote tunayoipata katika chakula.

Ndani kabisa, kila upande, usawa wa masikio, pana kipande kidogo chenye umbo la lozi. Wanasayansi wakakiita amigdala, neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya lozi, na madaktari wa Kiarabu hukiita al-lauza. Kipande hiki ni kama mlinzi wa usiku. Kikiona dalili ya hatari hupiga kelele kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza. Ndiyo maana mtu huruka akiona kamba gizani, kisha baada ya kuruka ndipo atambue kwamba haikuwa nyoka.

Huko Iowa, Marekani, alichunguzwa mwanamke mmoja ambaye madaktari humtaja kwa herufi mbili tu, S.M., ili kumsitiri. Maradhi yasiyo ya kawaida yaliziharibu lozi zake zote mbili. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 alipelekwa dukani penye nyoka, akawashika na kuwapapasa, ingawa mwenyewe alikuwa akisema hawapendi nyoka. Alipata kutishwa kwa kisu bustanini usiku, na baadaye akaendelea kupita pale pale. Furaha anayo, huzuni anayo, ila hofu ya mambo ya nje hana.

Asije mtu akamwonea wivu kwa ushujaa huo. Asiyeogopa hatari hawezi kujikinga nayo, na maisha ya mama huyo yamejaa misukosuko ambayo mwenye hofu kidogo angeiepuka. Hofu ni neema ikiwa kwa kiasi. Na mwaka 2013 lilionekana jambo jingine la ajabu: alipovutishwa hewa yenye kaboni dioksaidi nyingi, hata akahisi kana kwamba pumzi zamwishia, alishikwa na hofu kubwa. Kumbe hofu ina milango zaidi ya mmoja.

UBONGO NA MWILI HUPELEKANA BARUA

Je, ubongo huuambiaje moyo upige mbio? Jibu la kwanza la hakika lilipatikana mwaka 1921 kwa Otto Loewi, mtaalamu wa mji wa Graz huko Austria. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lake aliliota usingizini. Usiku wa kwanza aliamka akaandika, lakini asubuhi hakuweza kuyasoma maandishi yake. Usiku wa pili ndoto ikarudi, naye hakungoja kupambazuke. Alikwenda moja kwa moja kwenye maabara.

Alichukua mioyo miwili ya vyura, ambayo huendelea kupiga kwa muda hata ikitolewa ikiwekwa katika maji ya chumvi. Moyo wa kwanza aliuacha na mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni. Alipousisimua mshipa huo kwa umeme, moyo ulipunguza mwendo. Kisha akayachukua yale maji ya moyo wa kwanza akayatia katika moyo wa pili, usiokuwa na mshipa wowote. Nao ukapunguza mwendo! Ikawa dhahiri kwamba mshipa wa fahamu hutoa dawa fulani, na dawa hiyo ndiyo barua inayosomwa na moyo. Mwaka 1936 Loewi alipata nishani ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Barua nyingine huitwa adrenalini. Hutoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Mtaalamu Walter Cannon wa Harvard alieleza mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Lozi ikipiga kelele, tezi hizo humimina adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, kinywa hukauka, mboni za macho hupanuka, na tumbo huacha kusaga chakula. Jambo hili la tumbo Cannon alikuwa amekwisha kuliona kwa macho yake tangu mwisho wa karne ya 19, alipowamulika paka kwa eksirei: paka akitishwa, tumbo lake husimama kazi.

Na maini je? Yenyewe hupokea amri ya kutoa sukari iliyowekwa akiba na kuimwaga katika damu, ili misuli ipate nguvu. Basi aliyesema amekatwa maini hakuwa mbali na ukweli, maana maini nayo yamo katika shughuli hiyo.

MOYO NAO UNA HAKI YAKE

Hata moyo haukudhulumiwa na sayansi. Mwaka 1990 madaktari wa Kijapani walieleza juu ya wagonjwa, wengi wao wanawake watu wazima, waliofikishwa hospitalini wakiwa na maumivu makali ya kifua kama walioziba mishipa ya moyo. Walipopimwa, mishipa ilikuwa mizima. Lakini sehemu ya chini ya moyo ilikuwa imevimba na kulegea, juu ikabaki nyembamba. Umbo hilo liliwakumbusha madaktari mtungi ambao wavuvi wa Japani hunasia pweza, na mtungi huo huitwa takotsubo. Ugonjwa ukapewa jina hilo. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamepata msiba au mshtuko mkubwa muda mfupi kabla yake.

Kwetu pwani jambo hili lilikuwa na jina zamani: kihoro. Wazee wakisema fulani kauawa na kihoro cha mumewe, vijana walidhani ni maneno ya kutilia chumvi. Leo madaktari wanajua kwamba habari ya msiba huingia ubongoni, ubongo humimina barua zake, na barua zikizidi zaweza kuuangusha moyo wenyewe. Wengi hupona wakitunzwa hospitalini, lakini si wote.

Kwa hiyo ule ubishi wa barazani umalizike kwa sulhu. Kijana ana haki, maana bila ya ubongo hapana huzuni. Mzee naye ana haki, maana huzuni haikai ubongoni peke yake. Hupita katika moyo, tumbo, maini na magoti, na ndipo mwenyewe anapoihisi.

JE, MTU AONDOLEWE LAWAMA?

Hapa pana hatari. Mtu aliyempiga mkewe aweza kusema: "Si mimi, ni adrenalini." Mwizi aweza kudai kwamba ubongo wake ndio uliotaka. Tukikubali maneno hayo, hapatabaki dhambi wala thawabu.

Sharia yetu ilikuwa na njia ya kati tangu mwanzo. Akili ndiyo sharti la kubeba wajibu. Mwendawazimu hahesabiwi, wala mtoto mdogo, wala aliyelala usingizi. Lakini mwenye akili timamu aliyeghadhibika tu haponyoki kwa kisingizio cha ghadhabu.

Tena sharia inapambanua kati ya kubaleghe na kufikia rushdi. Mali ya yatima hakabidhiwi kwa sababu tu ya kubaleghe. Hungojewa mpaka ionekane kwamba ana busara ya kuitunza. Elimu ya ubongo inaafikiana na jambo hili. Ile sehemu ya mbele iliyojeruhiwa katika kichwa cha Gage ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote, na hukamilika mtu anapokaribia miaka 25. Kijana wa miaka 16 ana miguu ya mtu mzima na sauti ya mtu mzima, lakini breki zake bado hazijakazwa sawasawa. Hilo halimfanyi asionywe. Linamfanya ahitaji mzazi karibu naye zaidi ya anavyohitaji fimbo.

Ama hasira, dini imetufunza kwamba aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na asipotulia alale, na atawadhe. Wengine huona hayo ni adabu tu. Lakini mwenye kuelewa kazi ya adrenalini ataona hekima yake. Adrenalini haikai katika damu muda mrefu; baada ya dakika chache nguvu zake hupungua. Aliyeketi na kungoja amezipa breki za ubongo nafasi ya kushika. Aliyesimama na kuendelea kujibizana hujiongezea nyingine. Hasira hasara, walisema wahenga, na hasara hiyo mara nyingi hupatikana katika zile dakika chache za mwanzo.

Na tusisahau mwezi wa Ramadhani. Utamsikia mtu adhuhuri akiwafokea watoto, kichwa chamuuma, na watu husema saumu imemshika. Aghalabu saumu haina makosa. Aliyezoea vikombe kadhaa vya kahawa kutwa, au sigara moja baada ya nyingine, ubongo wake umezoea dawa hizo na sasa unazidai. Yafaa apunguze kidogo kidogo kuanzia Shaabani, na watoto watapumua.

KIFAFA SI AIBU

Jambo ambalo limewatesa watu wetu kuliko mengine katika mlango huu ni kifafa. Tabibu wa Kigiriki Hippocrates, au wanafunzi wake, waliandika kama miaka 400 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa kwamba maradhi haya hayana miujiza kuliko maradhi mengine, na kwamba asili yake ni ubongo. Mwaka 1924 Hans Berger wa Ujerumani alifanikiwa kuupima umeme wa ubongo wa binadamu kwa kuweka nyaya kichwani. Leo inajulikana kwamba kifafa ni umeme huo unapopiga kwa fujo, chembe nyingi kwa pamoja. Basi mtu akaanguka, akatetemeka, akatokwa na povu.

Hakuna Muislamu anayekanusha kuwako kwa majini, kwani yametajwa katika Qur'ani. Lakini kuwako kwake si dalili kwamba kila anayeanguka amepandwa nayo. Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimefanya kazi tangu mwaka 1989, kifafa kimechunguzwa kwa miaka mingi. Miongoni mwa sababu zilizoonekana ni matatizo wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, na malaria inayopanda ubongoni. Hata lile dege la watoto, ambalo wazee walisema huletwa na ndege apitaye juu ya nyumba, mara nyingi ni homa kali au malaria hiyo. Mtoto kama huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Wanaoogopa kwamba sindano itamuua wajue kwamba kinachomuua ni kuchelewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila mia wangeweza kuishi bila kuanguka lau wangepata dawa zipasazo. Dawa moja kati ya hizo, fenobabitoni, imetumika tangu mwaka 1912 na bei yake si kubwa. Kusomewa Qur'ani na kuandikiwa kombe hakumzuii mtu kumeza vidonge vyake. Makosa ni kumwachisha vidonge ghafla, kwani maradhi yaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Na katika Ramadhani mgonjwa amwulize daktari wake kwanza, maana wengine huweza kugawiwa dawa za futari na daku, na wengine wamo katika ruhusa ya wagonjwa.

Mtu akianguka mbele yako, muondolee vitu vya kumuumiza, hasa moto wa jikoni. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, wala usimkandamize. Ikipita dakika 5 bila kutulia, tafuta gari la kumpeleka hospitali. Povu lake haliambukizi, na anayelikimbia humwacha mwenziwe katika hatari bure.

MAMA ALIYEJIFUNGUA

Kuna huzuni nyingine ambayo hufichwa kwa haya. Mwanamke amejifungua salama, mtoto mzima, jamaa wamejaa furaha, naye alia bila kujua sababu. Wifi zake hunong'ona kwamba hana shukurani au amepatwa na jicho. Ukweli ni kwamba katika siku chache baada ya kuzaa, homoni zilizokuwa zimejaa mwilini kwa miezi tisa huporomoka ghafla, na ubongo huyumba pamoja nazo. Kwa walio wengi machozi hayo hukauka kabla ya wiki mbili.

Desturi yetu ya arubaini ilijengwa juu ya ujuzi wa mambo haya. Mzazi hukandwa, hupikiwa chakula cha moto, huondolewa kazi, na hukaa na mama yake, shangazi au somo yake. Hiyo ni dawa ya kweli, na tusiitupe kwa sababu ya haraka za mjini. Lakini huzuni ikipita wiki mbili, mama asipotaka kumtazama mwanawe, asipolala hata mtoto akilala, au akianza kusema maneno ya kutaka kufa, hapo desturi peke yake haitoshi. Apelekwe kwa daktari. Na akianza kuona au kusikia yasiyokuwapo, asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo, na apelekwe siku hiyo hiyo. Ni ile huzuni ya pili ya al-Balkhi, ambayo asili yake imo mwilini, na haitoki kwa kukemewa.

MFICHA MARADHI

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na kama nywele, hukaa kichwani. Kusema hivi hakuidunishi roho, ambayo elimu yake iko kwa Mola wetu. Mwili ni amana tuliyopewa, na ubongo umo ndani ya amana hiyo. Anayemtibu mgonjwa wa tumbo na kumcheka mgonjwa wa akili ameitunza nusu ya amana na kuitupa nusu.

Mtu wako wa karibu akibadilika tabia bila sababu ya kueleweka, kabla ya kumhukumu jiulize: alianguka na kuumia kichwa? Alipata homa kali? Ametoka kuzaa? Hulala usiku? Anatumia kitu gani? Ni maswali mepesi, na yamewaokoa wengi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Bora jirani ajue leo kwamba mwanao ana kifafa, kuliko kuja kesho kukupa mkono wa pole.